Rivyu ya sera za Zohran Mamdani alipogombea ubunge wa jimbo la New York, kutoka kwa abiria wa basi la Q4

Kila mtu sasa hivi anamjua Zohran Mamdani kama meya, watu wa Kampala wanasema ni wetu, watu wa Dar nao wanasema mzee wake alifundisha Mlimani kwa hiyo na sisi tumo, na yote ni kweli kabisa, jamaa kazaliwa Kampala 1991 na baba yake profesa Mahmood Mamdani alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 70 baada ya Amin kuwatimua Wahindi Uganda. Ila mimi sitaki kuongelea umeya. Nataka kuongelea kitu ambacho wengi wetu wanakiruka, zile sera alizoingia nazo 2020 wakati ni mgombea tu wa Bunge la jimbo kule Astoria, mtaa wa Queens jijini New York, hajulikani, hana cheo chochote, maana zile zimeshakaa miaka, zimeshatumika, zingine zimegeuka sheria na zingine zimekufa, kwa hiyo unaweza kuzipima kwa matokeo, siyo kwa hotuba.

Kwa wasio na muda: nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeibana na nitasema kwa nini.

Kwanza tuelewane hiyo kazi yenyewe ni ipi maana hapa ndugu zangu wengi tunapotea. Huku Marekani kila jimbo, yaani state, lina bunge lake, la New York liko mji wa Albany, lina wabunge 150 na maseneta 63, na wote wanachaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Sisi tukija tunamjua rais, tukikaa kidogo tunamjua meya, huyu wa katikati hatumjui hata jina, na kumbe yeye ndo anayegusa maisha yako kuliko unavyodhani. Sheria za pango zinapitishwa Albany. Kodi za matajiri zinapangwa Albany. Na mabasi na treni za jiji la New York, ile MTA, ni mamlaka ya jimbo, mkuu wake anateuliwa na gavana, kwa hiyo ukisimama kituoni Januari unatetemeka basi halijaja ukamtukana meya, umemtukana mtu asiyehusika.

Sasa 2020. Eneo lake la uchaguzi lilikuwa namba 36, Astoria na pembeni yake, na aliyekuwa anashikilia kiti ni Aravella Simotas, wa chama kile kile cha Democrat, yuko bungeni tangu 2011, na kusema ukweli hakuwa mbunge mbaya. Ndo maana sera zilikuwa na uzito, kwa sababu pale wote wawili ni chama kimoja, huwezi kusema nachagua rangi, inabidi usome kila mtu anasema nini. Kura za mchujo zilikuwa Juni 23, katikati ya Covid, watu wengi walipiga kwa posta, zikahesabiwa wiki kadhaa, na Mamdani akashinda kwa kura chini ya 500. Kauli mbiu yake ilikuwa Roti and Roses, yaani chapati na maua, mtu apate mkate wake na apate pia na raha ya kuishi. Kabla ya hapo alikuwa mshauri wa familia ambazo benki zinataka kuwachukulia nyumba kwa sababu ya mikopo, huko huko Queens, na mimi naona sera zake zote zimetokea kwenye ile meza, maana kila alichosema kilikuwa kinarudi kwenye swali moja, mwezi ukiisha huyu mtu anabaki na shilingi ngapi.

Nianze na nyumba. Msimamo wake ulikuwa wazi, mwenye nyumba asiweze kukutoa au kukupandishia pango anavyojisikia bila sababu ya msingi. Hiyo sheria walipigania miaka na ikapita Aprili 2024 ndani ya bajeti ya jimbo, siyo yeye peke yake, ni kundi kubwa la wabunge na vyama vya wapangaji. Kwa maneno ya kawaida inasema mpangaji aliyelipa vizuri ana haki ya kuendelea kukaa, na ongezeko likizidi asilimia 5 ukijumlisha na mfumuko wa bei, au likizidi asilimia 10, ile ndogo kati ya hizo mbili, unaweza kwenda mahakamani na mwenye nyumba ndo atajieleza. Ni kitu kikubwa jamani. Mimi nimewahi kukuta karatasi imesukumwa chini ya mlango, haina hata salamu, imeandikwa pango jipya na tarehe ya kuanza, hamna kingine, na ukimpigia baba mwenye nyumba anakwambia kama hutaki hama, wako watu wanasubiri. Wakati ule sikuwa na pa kushika.

Lakini sasa hapa ndo penye maumivu na naomba mnisikilize maana hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Sheria ilivyotoka imewaacha nje wapangaji wa wenye nyumba wadogo, yaani mtu mwenye apartimenti za kupangisha kumi au chini ya hapo, hahusiki. Pia majengo yaliyojengwa baada ya 2008 yamepewa msamaha wa miaka 30. Sasa niambieni, sisi tunakaa wapi? Wengi wetu tuko Queens mitaa ya Jamaica na St. Albans, au Bronx huko, tunakaa nyumba za familia mbili, mwenye nyumba juu wewe chini, au uko beisimenti kabisa. Huyo mwenye nyumba ana apartimenti mbili tatu, kwa hiyo sheria inakupita hivi hivi. Mwenye kufaidika ni yule aliyepanga kwenye jengo kubwa la zamani la mwenye nyumba mkubwa. Simlaumu mgombea, yeye alitaka iwe pana zaidi, ilikatwa katwa kwenye majadiliano ya bajeti, ila kwenye rivyu unaandika kilichokufikia mkononi, na kwa mpangaji wa beisimenti hakuna kilichofika.

Umeme sasa. Astoria kuna mitambo ya umeme imekaa pale ufukweni miaka mingi na ule upande wa magharibi wa Queens watu wanauita njia ya pumu, watoto wanatembea na inhela shuleni. Kampuni ya NRG ilitaka kujenga mtambo mpya wa gesi pale pale kuchukua nafasi ya ule wa zamani, na Mamdani msimamo wake ulikuwa hapana, akazunguka mlango kwa mlango na vijana kupinga, na Oktoba 2021 idara ya mazingira ya jimbo ikakataa kutoa kibali, ikasema mradi unapingana na sheria ya tabia nchi ya 2019. Hiyo ni ahadi ya mtaa kabisa, unaweza kwenda pale ukaona kwamba kitu hakikujengwa. Kisha 2023 ikapita sheria ya kuiruhusu mamlaka ya umeme ya jimbo, ile iliyoanzishwa 1931, ijenge yenyewe umeme wa jua na upepo badala ya kusubiri makampuni. Hapo nakubaliana naye kwa kanuni asilimia mia, umeme ni kama maji, usiachie biashara peke yake, ila bili yangu sijaona ikishuka na wala sitegemei ishuke mwaka huu, vitu hivi vinaenda polepole. Kwa hiyo hewa nampa nyota zote, bili bado.

Halafu kuna jambo la madereva teksi, ambalo halikuwa hata kazi ya mbunge wa jimbo kisheria maana leseni zile ni za jiji. Wale wa teksi za njano ile leseni yao ni kibati kinachogongelewa kwenye boneti, na bei ya kile kibati ilipandishwa na madalali na mabenki mpaka 2014 ikapita dola milioni moja, wahamiaji wakakopa, kina baba wa Kibangali, Wapunjabi, Wasenegali, Wahaiti, kisha zikaja gari za kuita kwa simu bei ikaporomoka, mtu amebaki na deni la zaidi ya nusu milioni kwa kibati ambacho hakiuziki. Kuna madereva walijiua. Mwaka 2021 chama chao kikagoma kula nje ya ofisi ya meya siku 15 na Mamdani akagoma kula pamoja nao, na mwisho makubaliano yakapatikana, mkopo unashushwa mpaka dola 170,000, malipo ya mwezi yasizidi dola 1,122, na jiji linasimama kama mdhamini. Madereva ndo walioshinda hiyo vita, siyo yeye, hilo tuliweke sawa. Lakini mbunge aliyeanza kazi Januari ile ile kukaa kwenye kiti cha plastiki bila kula na wazee wa rika la baba yake, mimi niliona huyu mtu sera zake hazikuwa za makaratasi.

Sasa twende kwenye basi maana hapa ndo nimetumia huduma mwenyewe.

Yeye na seneta Michael Gianaris, naye wa Queens, walileta mpango wa kurekebisha MTA, ndani yake kuna mabasi ya bure. Walichopata ni majaribio tu, njia tano, moja kila upande wa jiji: Bx18 Bronx, B60 Brooklyn, M116 Manhattan, Q4 Queens na S46/96 Staten Island. Ilianza Septemba 2023 ikaisha mwisho wa Agosti 2024. Angalieni vizuri hapo, Q4 haifiki Astoria. Wakati ule ilikuwa inatoka Jamaica Center inapita Linden Boulevard mpaka Cambria Heights, ni upande wetu sisi kusini mashariki, mbali kabisa na waliompigia kura. Mimi siyo mpiga kura wake na hajawahi kuwa mbunge wangu, lakini nimekula matunda ya shamba ambalo sikulima, na nasema asante.

Wasiojua, nauli wakati ule ilikuwa dola 2.90. Mtu wa kadi anagusisha anapita, lakini mabasi ya huku yalikuwa hayapokei noti, ni sarafu tu, kwa hiyo mama mtu mzima asiye na kadi ilikuwa lazima awe na robo dola 11, na ya senti 10 moja na ya senti 5 moja, anazitumbukiza moja moja pale mlangoni, zinalia klink klink, nyuma yake watu wanapumua kwa hasira, moja imedondoka, dereva anaangalia saa. Hilo ndo lililotoweka. Unapanda unakaa. Dereva anakwambia gud monin nawe unamjibu. Sisi tunaofanya kazi za kutunza wazee majumbani tunajua maana yake, una mgonjwa asubuhi, una mwingine mchana, katikati upite duka la dawa umchukulie vidonge, zile safari fupi fupi za vituo vinne ambazo ulikuwa unatembea kwa miguu kwenye baridi ili uokoe hela, ghafla unazipanda zote.

Na takwimu za MTA wenyewe zinasema hivyo hivyo. Abiria waliongezeka kama asilimia 30 siku za kazi na 38 wikiendi. Wao wakaliandika kama udhaifu kwamba ongezeko kubwa siyo la abiria wapya, ni wale wale wanapanda mara nyingi zaidi. Jamani, udhaifu uko wapi hapo? Mtu aliyekuwa anapima kila safari kama inastahili dola tatu sasa anaenda kliniki, anaenda sokoni, anaenda kumsalimia shangazi yake Jumapili. Hiyo ndo kazi ya basi. Kitu kingine, kushambuliwa kwa madereva kulipungua karibu asilimia 39 kwenye njia hizo, na sababu haihitaji mtaalamu, ugomvi mwingi wa kwenye basi unaanzia kwenye nauli, mmoja kasema lipa, mwingine kasema sina, maneno yamezidi, ngumi. Ukiondoa nauli umeondoa chanzo. Na kumbuka mwaka 2024 kwenye mabasi ya jiji hili karibu nusu ya abiria tayari walikuwa hawalipi, wanaingia tu mlango wa nyuma, kwa hiyo wanaobeba mzigo ni wale waaminifu, na wengi wa waaminifu hao ni masikini wenye woga wa faini, hasa ambao karatasi zao bado hazijakaa sawa.

Ubaya wake sasa. Basi halikuwa na kasi zaidi. Yeye siku zote anasema basi liwe la haraka na la bure, na kwenye majaribio mwendo ulishuka kidogo, kama asilimia 2, sababu watu wameongezeka, kila kituo kuna mtu anapanda na kigari cha sokoni, kuna mtoto kwenye pram, basi linakaa zaidi. Jioni pale Archer Avenue lilikuwa linajaa unasimama mpaka karibu na mwisho wa njia, umebana begi kifuani, harufu ya kuku wa kukaanga wa mtu imekujaa usoni. Bila kuongeza idadi ya mabasi na bila njia maalum za mabasi, bure peke yake inaleta msongamano. Yeye anajua hilo, mpango wao wa mwanzo ulikuwa na hela ya kuongeza mabasi pia, lakini kilichotekelezwa ni kipande.

Kisha likaisha. Bajeti ya 2024 ikapita Albany bila hela ya kuendeleza na Septemba ikaanza mashine inalia tena pale mlangoni. Hapa ndo naanza kumbana ile nyota ya tano. Kufanya mabasi yote ya jiji bure ilikadiriwa 2023 kuwa kama dola milioni 650 kwa mwaka, na jibu lake la hela zitoke wapi siku zote limekuwa kodi kwa makampuni makubwa na watu wa mamilioni. Mimi sina tatizo na jibu hilo, matajiri wa Manhattan hawatalala njaa. Tatizo ni kwamba hizo kodi zinahitaji bunge lote la Albany na saini ya gavana Kathy Hochul, na huyo mama amesimama imara hataki kupandisha kodi ya mapato. Mgombea mmoja kati ya viti 150 anaweza kusema, anaweza kupiga kelele, anaweza kupata majaribio ya mwaka mmoja, ila kodi hawezi. Hilo kwenye kampeni angelisema kwa sauti ile ile anayosemea bure. Miswada aliyoongoza yeye mwenyewe ikawa sheria ni michache sana, inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wapinzani wake wanalisema hilo kila siku, wana haki ya kulisema.

Na polisi. Mwaka 2020 ilikuwa mwaka wa George Floyd, yule mtu mweusi aliyeuawa na polisi, na Mamdani alitaka bajeti ya polisi ikatwe, alisema kwa maneno makali sana. Mwaka 2025 akigombea umeya akasema hataki tena kukata na akaomba radhi hadharani kwa yale maneno. Kubadilika siyo dhambi, ila mimi kama mtu mweusi ninayerudi kazini usiku wa manane, naogopa mwizi na naogopa polisi pia, nilihitaji mgombea aniambie toka mwanzo atafanya nini na vyote viwili, na 2020 sikupata jibu hilo.

Kwa hiyo nani atafaidika na mgombea wa aina hii? Kama unategemea basi, kama unapanga kwenye jengo kubwa, kama wewe ni dereva, sera zake zimekaa vizuri na zinapimika, hutapata maneno ya jumla jumla ya kupenda familia na kuamini kesho. Kama una nyumba ndogo ya kupangisha, na wapo Waswahili wengi sasa wamenunua, soma kwanza, usiruke kwa sababu kazaliwa Kampala. Kama uko beisimenti, mbane mbunge wako wa sasa kuhusu ule mstari wa apartimenti kumi, maana ule mstari unaweza kubadilishwa, na simu ya ofisi ya mbunge inapokelewa, wana watu wameajiriwa kwa kazi hiyo.

Mwisho kabisa kwa waliokwisha kuwa raia, maana swali hili naulizwa sana. Kwenye maeneo kama ya kwetu mshindi anapatikana Juni kwenye mchujo wa chama, Novemba ni kukamilisha tu, na mchujo wa New York umefungwa, lazima uwe umejiandikisha ndani ya chama hicho. Ukitaka kubadilisha chama fomu iwe imewafikia kabla Februari 14 haijapita, ukichelewa unasubiri mwaka mwingine. Karatasi za kura Queens zipo kwa Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kikorea na Kibangali, Kiswahili hakipo, lakini sheria ya Marekani inakuruhusu uingie na mtu wako wa kukusaidia kusoma, mwanao, jirani, yeyote unayemwamini, isipokuwa bosi wako au kiongozi au wakala wa chama chako cha wafanyakazi. Mama mkubwa, wakikwambia pale mlangoni mtoto abaki nje, waambie hapana, anaingia na mimi.